Mabaki ya Gasketi Jikoni

Alikuwepo fundi mmoja katika kiwanda cha kuchambua pamba. Mashine zilikuwa kuukuu, za mvuke. Kazi yake ilikuwa kukata gasketi, kile kipande kinachobanwa kati ya vyuma viwili ili mvuke usivuje. Alijaribu ngozi, ikaungua. Alijaribu mpira, ukayeyuka. Asbesto, yale madini ya nyuzi yasiyoshika moto, ikastahimili.

Mabaki aliyapeleka nyumbani. Mkewe aliyapasua kwa kisu, akapuliza vumbi, akayapanga ndani ya jiko la mkaa ili litunze joto.

"Baba watoto, haya hayaungui kabisa!" alisema. "Jirani anayamezea mate. Niletee mengine, na yeye asipate."

"Utaletewa mpaka uchoke."

Mwaka wa sita wa kazi hiyo, meneja aliwaita mafundi. Akawaambia kwamba vumbi la asbesto linaharibu mapafu polepole, na mtu hajui mpaka amechelewa. Akawapa vitambaa vya kufunga puani. Mabaki yote yakaamriwa kuzikwa.

Fundi alifunga kitambaa siku ileile. Nyumbani hakusema neno. Aliacha tu kuleta mabaki, mkewe akaona.

"Siku hizi umeninyima. Umepata mwingine wa kumpelekea?"

"Yameadimika. Tumia yaliyopo."

Mmesikia? Tumia yaliyopo. Kwa nini hakusema "tupa"? Kwa sababu angeulizwa ni nani aliyaleta. Mtaani alisifiwa kuwa mume anayejali nyumba, na sifa ile aliipenda.

Miaka ishirini ikapita. Mke akaanza kukosa pumzi. Kutoka kitandani hadi mlangoni alipumzika mara mbili. Hospitalini daktari alitazama picha ya kifua, akauliza:

"Mama, uliwahi kufanya kazi kiwandani?"

"Mimi? Mimi ni wa nyumbani. Wa kiwandani ni huyu."

Daktari akamgeukia mume. "Na wewe, mzee, kifua chako?"

"Mimi mzima, daktari. Sisi tulipewa vitambaa."

Mke akamtazama mumewe.

"Mlipewa lini?"

Mume akamuuliza daktari dawa zinachukuliwa wapi.

Ndugu zangu, naona wengine mnatikisa kichwa. Msimhukumu upesi. Sisi tuliomo humu kanisani tunajua mangapi ambayo wenzetu hawajui? Yupo baba aliyepewa majibu ya vipimo mwezi wa tatu, na mkewe hajaambiwa hadi leo. Yupo mama anayejua kwamba shemeji yake hafai kuachwa na watoto, naye humkaribisha chai kila Jumamosi ili ukoo usiaibike. Tukiulizwa, tunasema tunalinda nyumba. Uongo. Tunalinda majina yetu, na gharama tunawaachia wanaotuamini.

Leo sitaita mtu aje mbele. Unayepaswa kumwambia hayuko huku kwangu. Huenda mmekaa benchi moja. Mwambie leo, angali na nguvu za kukukasirikia.