Chiriku na Sala ya Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Nyie mliokaa karibu na sufuria, mbona kimya? Paukwa!

Pakawaaa!

Eeh, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale, juu ya jabali, waliishi pimbi. Mnawajua pimbi? Wanyama wadogo wa majabalini, wanene, mkia hawana. Kila asubuhi jua likichomoza, wanapanda jiwe. Wanakaa mstari. Wanaangalia mashariki. Wanafumba macho. Wanasali.

"Ee Jua, tuone. Ee Jua, tulinde."

Na mwiko wao mkubwa ni mmoja: usimwekee kivuli anayesali. Ukimziba Jua, umekufuru.

Jirani yao alikuwa ndege mmoja, Chiriku. Huyo mdomo, acha tu! Chiri-chiri-chiri, kutwa. Siku moja akapiga kelele katikati ya sala:

"Oyaa! Hilo Jua halina macho! Litawaonaje? Mnaota jua tu hapo!"

Pimbi wakaendelea kusali. Chiriku akaona haitoshi. Akashuka, akajipanga mstarini, akaanza kumwigiza Bi Somoe, bibi wa pimbi wote, anavyotetemeka akisali. Tete-tete-tete! Bi Somoe akafumbua macho. Machozi yakamtoka.

Weee! Jino, mjukuu wake, akaruka. Kap! Akamdaka Chiriku mguu.

"Leo ulimi tunaukata!"

"Kata! Kata!" wakaitikia wote.

"Jamani, si nimesema tu?"

"Umesema tu? Bibi analia, mshenzi wewe!"

Bi Somoe akasema, "Ulimi msikate. Mfungeni mdomo. Atafunguliwa mvua ikinyesha."

Na kiangazi ndiyo kwanza kimeanza! Wakamfunga kwa majani makavu, wakakaza, kwii! Sasa ndege akifungwa mdomo anakula nini? Hakuna aliyeuliza. Walikuwa na hasira, bwana.

Siku ya kwanza, njaa. Siku ya pili, njaa na kizunguzungu. Siku ya tatu Chiriku yuko tawini, amekonda kama kijiti. Pimbi wamepanda jiwe, macho wamefumba. "Ee Jua, tuone..."

Nyuma yao, Tai huyoo! Anashuka kimya, kucha nje.

Chiriku akaita. "Mm! Mm!" Wapi, mdomo umefungwa. Angeweza kukaa zake. Nani angemlaumu? Lakini akaruka, puru-puru-puru, akatua kwenye paji la uso la Bi Somoe, akatandaza mabawa. Giza!

"Nani kaniziba Jua?"

"Ni Chiriku! Amekufuru tena!" Jino akageuka amkamate. Wote wakageuka.

"TAAAI!"

Chwaaa! Wote ndani ya ufa wa mwamba, na Chiriku wakamburuta. Tai akaambulia jiwe, ngo!

Huko ndani Chiriku hoi. Bi Somoe akakata yale majani kwa meno yake mwenyewe.

"Mwanangu, kwa nini umetuokoa?"

"Si majirani zangu, Bibi?"

"Umeona? Jua ndilo limekutuma. Sasa unakubali lina macho?"

"Halina."

Jino akainuka. "Bibi, huyu tumfunge tena!"

"Kaa chini! Akisema halina, nami nitasema linayo, tutabishana mpaka tuchoke. Hilo silo lililoniliza."

Chiriku akainamisha kichwa. "Kukuigiza mbele ya watu ukiwa kwenye sala yako, Bibi, hapo nilikosa. Nisamehe."

"Na sisi tulitaka kukuua kwa njaa kwa sababu ya maneno. Tumekosa zaidi. Haya, kula."

Wakamletea mbegu. Akala, akala, akala.

Kesho yake pimbi wakapanda jiwe. Chiriku naye akaja, akakaa pembeni, mgongo kwa Jua.

"Geuka usali," Jino akamwambia.

"Sisali mimi. Nyie angalieni huko, mimi naangalia huku."

Bi Somoe akacheka mpaka akakohoa. "Mwacheni hapohapo. Ila kelele zako, Chiriku, ngoja tumalize."

"Na Tai akija?"

"Akija Tai, mwanangu, piga zote!"

Basi jamani: sema unaloliamini, lakini usimfanyie mtu kejeli kwenye sala yake. Na neno likikuudhi, lijibu kwa neno. Usimfunge mwenzio mdomo.

Hadithi yangu imekomea hapo. Anayebisha abishe, ila asinivute shati.