Ruta ya Nyumba Nzima

Nyumba yao ilikuwa ndefu na nyembamba. Vyumba vilipangwa kimoja nyuma ya kingine, mlango wa mbele ukitazama barabara na chumba cha mwisho kikitazama ukuta wa jirani. Kuta zilikuwa za matofali mazito ya saruji, za aina ambayo ukitaka kupigilia msumari wa kuning'inizia picha lazima kwanza uazime drili. Waya wa intaneti uliingilia sebuleni, na sebuleni ndiko intaneti ilikokaa, kama mgeni mwenye haya aliyepewa kiti asithubutu kukiacha. Ukifika mlango wa jikoni ilianza kusuasua. Chumba cha mwisho haikufika kabisa.

Na chumba hicho cha mwisho ndicho mama mwenye nyumba alichokihitaji. Kampuni yake ya kusafirisha vifurushi ilikuwa imefunga ofisi na kuwatuma wafanyakazi wakafanyie kazi majumbani. Yeye alipokea simu za wateja waliopotelewa na mizigo. Kutwa nzima alitukanwa na watu asiowajua kwa makosa asiyoyafanya, naye ilimbidi ajibu kwa upole. Kwa kuwa chumbani hakukuwa na mtandao, alikaa juu ya kigoda kwenye korido, kati ya jiko na bafu, kompyuta magotini na hedifoni kichwani. Kila aliyekwenda bafuni alimruka. Jioni alikuwa hoi bin taaban, mgongo ukimuuma na masikio yakimvuma.

Ndipo siku moja wakubwa wa kampuni wakamteua afanyiwe majaribio ya ukufunzi. Jumatatu ya kwanza ya mwezi uliofuata angewafundisha wafanyakazi wapya kwa video, wakubwa hao wakimtazama. Akifaulu, hatapokea tena simu ya mteja mwenye hasira. Sharti lilikuwa moja: akae mahali penye utulivu, mlango umefungwa, na sauti yake isikatike. Miaka yote aliyoitumikia kampuni ile hakuna aliyewahi kumteua kwa jambo lolote, hata kukata keki ya kumuaga mwenzao. Alifurahi mpaka akaogopa.

"Baba watoto," alimwambia mumewe, "nitafutie ruta itakayofikisha waifai chumba cha mwisho. Sihitaji kingine."

"Hilo tu? Niachie mimi."

Akamwachia. Hapo ndipo alipokosea, maskini.

Mumewe alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha viatu. Alisimama mahali viatu vinapotokea, akavigeuzageuza jozi moja baada ya nyingine, na chenye kasoro akakichora alama ya chaki na kukirudisha kwa mafundi. Katika kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Mshono uliopinda kiasi cha unywele yeye aliuona. Wenzake walimbatiza jina la Bwana Rudisha, naye akalivaa kama nishani. Taabu ni kwamba jicho lile hakuliacha kiwandani. Nyumbani alirudisha mapazia, balbu na sufuria. Mwaka mmoja alirudisha hata keki ya siku ya kuzaliwa ya binti yao kwa sababu herufi za jina zilikuwa zimelala upande, binti akapuliza mshumaa uliochomekwa kwenye mkate.

Alikwenda katika duka la vifaa vya mtandao lililokuwa mtaa wa pili. Mwenye duka, mama wa makamo aliyevaa miwani yenye kamba, alimuuliza habari za nyumba kabla ya habari za ruta.

"Ndefu, na kuta nene? Basi usidanganywe na antena, baba. Ruta ikipiga kelele sebuleni itasikika mbali, sawa. Lakini kompyuta ya mkeo nayo inatakiwa ijibu, na yenyewe sauti yake ndogo. Itapenya kuta zote hizo kurudi? Chukua hizi pacha. Moja weka sebuleni, nyingine katikati ya korido. Zinapokezana maneno."

"Na zikiwa na kasoro?"

"Zisipokufaa, una wiki moja ya kurudisha."

Kumwambia Bwana Rudisha maneno hayo ni kumkabidhi fisi bucha.

Ruta zile pacha zilifungwa jioni hiyo hiyo. Mama aliingia chumba cha mwisho, akafunga mlango, akakaa kwenye kiti chenye egemeo na kompyuta mezani kama binadamu wengine. Akampigia video mfanyakazi mwenzake. "We! Nakuona mpaka vinyweleo!" mwenzake alipiga kelele, na sauti ikaja safi bila kukwama. Mama akacheka. Alipokata simu alibaki amekaa palepale kwa muda, mikono juu ya meza, akiusikiliza ukimya. Machozi yalimlengalenga, naye hakuyafuta.

Huku nje mumewe alikuwa akizunguka nyumba na simu yake mkononi, akikagua vijiti vya mtandao juu ya kioo chumba kwa chumba. Alipiga magoti chini ya meza, akapanda juu ya stuli. Mwishowe sauti yake ikatoka bafuni.

"Kuna kasoro!"

Mkewe akatoka mbio. "Wapi?"

"Huku nyuma ya mlango. Kijiti kimoja tu."

"Baba," binti yao aliuliza kutoka jikoni, "nani anafanya mkutano nyuma ya mlango wa bafu?"

"Boksi limeandikwa nyumba nzima. Bafu si nyumba?"

"Mimi inanitosha, baba watoto," mkewe alisema. "Iache, tafadhali."

"Ikutoshe na kasoro yake? Kwa nini mke wangu atumie kitu chenye kasoro?"

Alisema hivyo kwa mapenzi kabisa, na hilo ndilo lililomchosha zaidi mkewe. Angekuwa mume mkorofi, angejua namna ya kumjibu. Kwa huyu aliyekuwa akihangaika kwa ajili yake alikosa pa kuanzia. Akasimama akamtazama anavyozichomoa ruta zile ukutani, anazifuta vumbi na kuzirudisha kwenye boksi lake. Asubuhi yake akarudi juu ya kigoda.

Ruta ya pili ilifika hadi nyuma ya mlango wa bafu, lakini taa yake ilipepesa bila mpangilio, na Bwana Rudisha hakuipenda. Ya tatu ilipata joto. Haikuwa joto la kutisha, mama aliigusa akasema hata paka angelala juu yake, lakini nayo ilirudi dukani. Ya nne alimaliza nayo wiki karibu nzima, mkewe akaanza kupata matumaini, mpaka alipogundua kwamba kifuniko chake kimeachia kidogo pembeni, mahali ambapo ungeweza kupitisha ukucha. Kila jioni nyumba ilikuwa na waya mpya, boksi jipya na nywila mpya ya kukariri. Binti aliacha kuuliza nywila, akawa anakwenda kudurusu kwa shangazi yake.

Mwenye duka naye alianza kuchoka. "Baba, nikushauri kitu kimoja. Pitisha waya mpaka chumbani kwa mama, uchomeke kwenye kompyuta, yaishe."

"Waya ukutani? Uonekane?"

"Utaonekana, ndiyo. Si waya?"

Bwana Rudisha alitikisa kichwa kwa huzuni, kana kwamba ameletewa kiatu kisicho na kisigino.

Jumatatu ile ilizidi kusogea. Mama aliandaa somo lake katika nafasi alizopata kati ya mteja na mteja. Alijizoeza mbele ya kioo cha bafuni, taulo limefungwa kichwani, akieleza namna ya kumsikiliza mtu aliyekasirika mpaka hasira zimwishe. Kila alipomkumbusha mumewe, jibu lilikuwa lile lile.

"Mama watoto, hiyo Jumatatu itakukuta una ruta isiyo na doa."

Akaacha kumkumbusha. Mumewe alidhani ameridhika. Kumbe alikuwa amechoka, kwa uchovu ule ambao hata ukilala unaamka nao.

Jumamosi Bwana Rudisha alipeleka dukani ruta ya nne na sasa, kwa mara ya kwanza, jasho lilimtoka. "Nipe zile pacha," alisema. "Zile za kwanza."

Mwenye duka alivua miwani. "Zile? Zilichukuliwa siku ile ile uliyozirudisha. Alikuja mtu, akauliza, zinafanya kazi? Nikamwambia zinafanya. Akalipa akaenda zake."

"Nyingine huna?"

"Mzigo mpya haujaingia. Na hizo ulizozirudisha baada yake nazo zimekwenda. Watu wananunua, baba. Hii hapa mkononi mwako nayo unairudisha, au unabaki nayo?"

Akaitazama. Ufa ule wa kifuniko ulimkodolea macho. "Ina kasoro," alisema kwa sauti ya chini.

"Basi chukua waya, uulaze tu sakafuni mpaka Jumatatu ipite."

Waya ulikuwa umeviringwa juu ya kaunta, wa kijivu, umepindapinda. Mkaguzi aliuona tayari umelala kwenye korido yake kama nyoka, na watu wakiuruka. Macho yake yakauhama, yakapanda rafu ya juu kabisa. Huko ilikuwepo ruta nyeusi yenye antena nane zilizonyooka kama askari wa gwaride. Aliomba aishike. Akaigeuza huku na huku, akapitisha kidole kwenye kila kiungio, akainusa. Hakuona kasoro hata moja.

"Hiyo sikushauri," mwenye duka alisema. "Hiyo ni kelele tu, kama nilivyokwambia siku ya kwanza. Na hiyo hairudishwi, kiwanda chake kimekwisha kuacha kuitengeneza."

Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Bwana Rudisha alirudi nyumbani na antena zake nane.

Ilipowashwa kesho yake, vijiti vya mtandao vilijaa nyumba nzima. Vilijaa jikoni, vikajaa nyuma ya mlango wa bafu na chumba cha mwisho. Mama alijaribu kumpigia video mwenzake, lakini Jumapili ile mwenzake alikuwa safarini na hakupokea.

"Ngoja nimpigie mtu mwingine, tuhakikishe," mkewe alisema.

"Tuhakikishe nini tena? Tazama, vimejaa!" Mumewe alimwonyesha simu huku uso ukimng'aa. "Hii imepita, mama watoto. Imepita!"

Tangu waoane alikuwa hajawahi kumsikia akilitamka neno hilo ndani ya nyumba. Akamwamini.

Jumatatu mama alivaa blauzi yake ya harusi za watu, akafunga mlango wa chumba cha mwisho. Mumewe aliomba ruhusa kazini, akasimama koridoni kama mlinzi. Nyuso zikajitokeza kwenye kompyuta moja moja: wafanyakazi wapya, kisha wakubwa watatu. Aliwaona vizuri na kuwasikia vizuri. Akakohoa kidogo, akaanza. Alizungumza kwa utulivu, moyo ukiwa umemtulia, na kwa dakika chache alijua kwamba kazi hii ameiweza.

"Samahani, dada," mkubwa mmoja alisema. "Tunakupata nusu nusu. Picha yako imeganda."

Akarudia kwa sauti ya juu zaidi. Wakatikisa vichwa. Akajongeza kompyuta, akasimama nayo, akapanda nayo kitandani. Wao aliwasikia wazi, hata mmoja wao alipomnong'oneza mwenzake, lakini sauti yake haikuvuka kuta zile. Akafungua mlango, akampita mumewe na kukimbilia kwenye kigoda. Pale sauti ilifika. Alifundisha kwa pumzi za kukatika, bomba la bafuni likidondosha maji nyuma yake na mumewe akiwa amejibana ukutani asionekane.

Mkubwa alimwacha amalize sentensi. "Pole sana, dada," alisema. "Tumekuelewa. Tutakupigia."

Mama aliijua vizuri sauti ile, laini na ya upole. Ndiyo sauti aliyowatolea yeye watu ambao mizigo yao ilikwisha kupotea.

Nafasi ya ukufunzi akapewa mwenzake, yule wa vinyweleo.

Siku iliyofuata Bwana Rudisha alitoka kazini na waya wa kijivu begani. Alimkuta mkewe koridoni, anamsubiri mteja mwingine. Akapiga magoti na kuanza kuulaza waya kando ya ukuta bila hata kuunyoosha.

"Nilitaka upate kilicho bora," alisema bila kuinua uso.

"Sikutaka bora, baba watoto. Nilitaka kinachofanya kazi. Nilikuwa nacho. Ukakichomoa ukutani nakutazama."

Mkaguzi aliinua uso. Macho yake yalikuwa mekundu. Katika maisha yake alikuwa amezigundua kasoro za maelfu ya viatu, na hii ya kwake ndiyo kwanza anaiona.

Simu ikaita. Mama alivaa hedifoni, na sauti ya mwanamume aliyefoka ikasikika hadi mlango wa jikoni, akidai kifurushi chake, akimwita mzembe na mjinga. "Nakusikiliza, kaka," mama alijibu. Akainua miguu ili mumewe apitishe waya chini yake, kisha akaishusha, akaendelea kusikiliza.

Hakika mchagua nazi hupata koroma, na mara nyingi anayelishwa koroma hilo si yeye aliyechagua.