Nani Aliwaambia Mlime Pale?

Wale wa nyuma sogeeni mbele, viti vipo. Leo nina mtu wa kuwaonyesha, wapendwa, na naomba mnivumilie nikipandisha sauti, maana mtu huyu ananichosha kila nikimfikiria.

Kulikuwa na diwani mmoja. Diwani hodari, mwenye maneno matamu, hakosi msiba wala harusi. Kata yake ilipitiwa na mto, na serikali ilikuwa imekataza watu kulima kandokando ya mto ule, kwa sababu kingo zilikuwa zinaporomoka na maji yanazidi kupungua. Mabango yakawekwa. Watu wakanung'unika. Uchaguzi ulipokaribia, diwani akapanda juu ya gari, akashika kipaza sauti, akauliza, "Mto huu ni wa nani? Ni wa maofisa au ni wenu? Limeni! Akija mtu kuwasumbua, mwambieni diwani ndiye aliyesema."

Mlitegemea wafanyeje? Walishangilia, wakampa kura, wakalima.

Aliyeshangilia kuliko wote ni Mama Limi, mjane, mwanamke mwenye sauti ya kuongoza nyimbo. Kampeni nzima alimpigia debe diwani nyumba kwa nyumba mpaka koo likamkauka. Mpaka siku ile ya mkutano hakuwahi kutia jembe ukingoni. Aliyaogopa yale mabango. Lakini diwani kasema! Akaenda akasafisha vichaka, akapanda mchicha na nyanya mpaka karibu na maji.

Sasa diwani huyu alikuwa amesomea sheria. Muda wake ulipokwisha, chama kikampitisha mtu mwingine. Alinuna, akajifungia ndani, akawalaumu wajumbe mmoja mmoja kwa majina. Mwishowe akaomba kazi serikalini, akaipata. Akawa mwendesha mashtaka katika mahakama ya wilaya ileile. Suti nyeusi, tai, mafaili kwapani. Na nisimwonee: kazi aliiweza. Wezi wa ng'ombe walikuwa wakisikia ni zamu yake wanaanza kutetemeka. Ila jioni akirudi nyumbani, mkewe alikuwa anasikiliza wimbo mmoja tu: "Watu wetu hawasikii! Unawakataza hiki, wanafanya hikihiki! Sijui tuwafanye nini!"

Mnamcheka? Ngojeni.

Mwaka mmoja kiangazi kikawa kikali, mto ukabaki madimbwi, mji mzima ukakosa maji. Amri ikatoka: wakamatwe wote wanaolima ukingoni. Mgambo wakaingia mtoni, wakulima wengi wakakimbia. Mama Limi, magoti yake mabovu, hakukimbia popote.

Asubuhi ya kesi, diwani wetu wa zamani, sasa wakili wa serikali, akaingia mahakamani, akafungua faili, akaliona jina la Mama Limi. Akainua macho. Mama Limi yuko kizimbani, kajifunga khanga yake vizuri, anamtazama. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu aliyeona ndugu yake kafika.

"Haya tena," wakili akawaza, na shingo ikaanza kumwasha chini ya kola. "Sasa ataanza kunitaja hapa."

Shtaka likasomwa. Mama Limi akajibu, "Ni kweli, nililima." Wakili akasimama kueleza habari ya kesi, na alieleza vizuri mno. Alieleza jinsi mizizi ya vichaka inavyoshika udongo, na jinsi jembe linavyouachia. Alieleza kuhusu wagonjwa waliokosa maji hospitalini. Kila alichosema kilikuwa kweli, wapendwa. Hakudanganya hata neno moja! Ila wakati wote yule mwanamke hakubandua macho usoni pake, na wakili akazidi kuchemka. Mbona ananikodolea hivi? Si aseme tu yaishe?

Hakimu alikuwa mama mmoja mgeni wilayani, mtulivu. Akasema, "Mama, umekiri kosa. Kabla sijatoa adhabu, nataka kuelewa. Mabango mliyaona. Nani aliwaambia mlime pale?"

Walikuwamo watu wa kata ile kwenye mabenchi, na wote walikuwa kwenye ule mkutano. Mmoja akakohoa.

Mama Limi akasema, "Yupo mtu alituambia, Mheshimiwa. Namwachia aseme mwenyewe."

"Ni nani huyo? Yumo humu ndani?"

Mama Limi akanyamaza, akangoja.

Niambieni, ingemgharimu nini yule wakili? Kusimama tu! Kusema, "Mheshimiwa, ni mimi. Kesi hii apewe mwenzangu, na mahakama imhurumie huyu mama." Kazi asingefukuzwa. Pengine angeona aibu wiki mbili, watu wangemteta sokoni, basi. Na kweli alisimama. Watu wa kwenye mabenchi wakavuta pumzi. Mama Limi akaanza kutabasamu.

Wakili akasema, "Mheshimiwa, mshtakiwa anaipotezea mahakama muda. Tunaomba adhabu kali, iwe fundisho kwa wengine."

Akafungwa miezi sita.

Mchana, wafungwa walipokuwa wanangoja gari nyuma ya mahakama, wakili akamfuata pale alipokaa. Mnadhani alikwenda kuomba msamaha? Alikwenda kumgombeza!

"Mama Limi, wewe ni mtu wa namna gani? Kwa nini hukunitaja? Hakimu kakuuliza wazi! Ungenitaja, mimi ningejitoa, wewe ungepunguziwa. Unaninyamazia pale, unanitumbulia macho mbele za watu, ulikuwa unafanya nini?"

Mama Limi akapanda garini polepole, askari akamshika mkono kwa sababu ya yale magoti. Akaketi, akamgeukia.

"Nilikuwa nakusubiri, baba," akasema.

Mlango ukafungwa.

Sasa naona wengine mnanitazama mnataka niwaambie alilia, akalikimbilia gari, akarudi kwa hakimu. Hapana. Alirudi ndani, karani akaita kesi nyingine, akasimama akaiendesha, akashinda. Baadaye alipandishwa cheo. Mpaka leo jioni akirudi nyumbani anamwambia mkewe kwamba watu wetu hawasikii.

Inaudhi, sivyo? Mimi inaniudhi mpaka nakosa usingizi! Lakini ngoja kwanza, usimnyooshee kidole. Juzi simu imelia nyumbani kwako, ukamwambia mwanao, "Pokea, sema baba hayupo." Jana huyohuyo mwanao kakudanganya kuhusu shule, ukamchapa, ukapaza sauti majirani wasikie: "Sijui huyu mtoto uongo kautoa wapi!" Hujui? Kweli hujui? Mama, ulikaa na binti yako jikoni ukamfundisha kumdharau mumewe, neno kwa neno. Leo ndoa imevunjika, na wewe ndiwe unayesema kwenye vikao kwamba wasichana wa siku hizi hawana adabu. Na sisi wazee wa kanisa, nami nikiwemo kabla sijawa mchungaji wenu, wale vijana tuliowatuma wakamzomee mchungaji aliyenitangulia, tumewatenga na meza ya Bwana mwaka wa pili huu. Nani aliwatuma? Mbona kimya?

Sisi hatusemi uongo, wapendwa. Ndiyo balaa letu. Tunasema kweli tupu kuhusu makosa ya watu, kweli iliyonyooka, yenye mistari ya Maandiko, na katika kweli yote hiyo tunajiondoa sisi wenyewe tu. Na yupo mtu, yule tuliyemwambia afanye, amekaa kimya anatutazama. Tunadhani ana kiburi. Tunadhani anatuonea. Tunakasirika, tunauliza anatukodolea macho ya nini.

Anakusubiri! Anakupenda kuliko unavyostahili, ndiyo maana hajakutaja.

Basi leo sitawaombea. Mtu akija hapa mbele nimwekee mikono, nitamrudisha. Ukitoka nje, usisimame kusalimiana, usipitie sokoni. Nenda kwake moja kwa moja. Unamjua ni nani, usijifanye humjui. Piga hodi, na akifungua mlango usimweleze lolote kuhusu kosa lake, hilo analijua. Mwambie, "Mimi ndiye niliyekuambia."