Mayai ya Moto ya Bi Nguchiro

Hapo zamani za kale, na wewe acha kumfinya mwenzio kwa sababu sirudii, wanyama walikuwa na nyumba zao na majirani zao, na majirani wengine walikuwa wanachosha.

Bi Nguchiro alikaa pangoni na wanawe watatu. Umbo lake dogo, lakini moto wake ulikuwa hauzimiki. Basi kila asubuhi Bwana Nyati na Bwana Kifaru wanabisha hodi kuomba kaa la moto. Kila siku! Miili yote ile, na kuwasha wa kwao hawataki. Wakipewa kaa wanalitia kwenye kuni mbichi, linazimika, na jioni hao tena mlangoni.

Ikaja masika. Mvua ikanyesha siku sita mfululizo. Siku ya saba Bi Nguchiro alitoka kidogo kutafuta chakula, akarudi akakuta jivu tupu na alama za kwato za Nyati. Bwana yule alikuwa amekomba makaa yote bila hata kuaga, yakamzimikia njiani kwa mvua. Watoto walikuwa wanatetemeka, na yule mdogo alikuwa hana hata nguvu ya kulia.

"Mwanangu atakufa kwa uvivu wa watu," akasema Bi Nguchiro kwa hasira.

Kupekecha moto kwa vijiti alijua, lakini cheche inataka kitu kikavu cha kushika. Akachanganya sufi, nyasi na kinyesi cha tembo, akafinyanga madonge ya ukubwa wa yai. Msicheke. Kinyesi cha tembo kikikauka kinashika moto vizuri sana. Sasa kikauke vipi, na jua lenyewe halipo?

Hodi, hodi. Ni wale wale, wamekuja kuomba moto waliouzima wenyewe. Mimi ningewafukuza. Bi Nguchiro akawatazama, akaona ile miili inavyofuka mvuke kwa joto, akameza hasira yake.

"Moto umekwisha, jirani zangu," akasema, "ila umetaga mayai. Yakiatamiwa siku mbili yanaanguliwa moto. Mimi mwili wangu mdogo, hauyatoshi."

Nyati akataka kujua moto wenyewe utakuwa mkubwa kiasi gani. Akaambiwa inategemea ukubwa wa mwenye kuatamia. Hapo hapo akaingia pangoni, akajibwaga chini, puu, madonge yakiwa ubavuni mwake, na Kifaru akamsukuma apate nafasi. Bi Nguchiro akawakataza kutoka nje kwenye mvua, maana yai likilowa limeharibika. Wanawe akawalaza katikati ya matumbo yale mawili, eti wasaidie kuatamia.

Siku mbili hizo! Nyati analalamika mgongo, Kifaru analalamika njaa, na kila baada ya muda mfupi wanauliza kama bado. Bi Nguchiro alichoka kuwajibu. Lakini yule mtoto mdogo alipata joto, akaanza kulia tena, akataka uji.

Siku ya tatu akawainua. Madonge yamekauka, kau. Akapekecha, frr, frr, frr, akapuliza, na donge la kwanza likashika moto. Uji ukainjikwa. Madonge yaliyobaki akayapaka nta ya nyuki yasiingie maji, akayaweka kibuyuni mwake.

Nyati akauliza moto wao uko wapi.

"Si huo unawaka," akasema Bi Nguchiro.

"Lakini tumeatamia sisi!"

"Kuku naye huatamia mayai ya bata, Bwana Nyati. Vifaranga wakitoka wanaingia majini, yeye anabaki kusimama ukingoni."

Wakaenda zao mvuani, viungo vimekakamaa, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwamba hakuatamia vizuri.

Basi ndiyo hivyo, wanangu: ukizoea kuombaomba moto na hutaki kujua unavyowashwa, utaamini hata ukiambiwa unataga mayai.