Viatu vya Bi Kidawa kwenye Jumba la Wafalme

Kabla hujavua viatu, uliza mlango wa kutokea. Jana mlimsikia Bi Kidawa akimwambia Shaibu maneno hayo, pale kijana huyo alipotangaza kwamba anaacha karakana ya useremala akafanye biashara na rafiki aliyemjua wiki iliyopita. Shaibu akatazama miguu yake, akamjibu, "Bibi, mimi nimevaa ndala tu." Mkacheka. Leo mnaniuliza methali hiyo imetoka wapi. Mmefika penyewe, wajukuu zangu, kwa sababu ilipozaliwa nilikuwepo, tena nilikuwa pekupeku.

Mwanzo wake ni huu. Riziki, binti yake Bi Kidawa, ni muuguzi kule Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Mwaka ule alimwalika mama yake akatembee majira ya joto, wakati huku Muheza ni kipupwe na watu wanajifunika mashuka mawili. Bi Kidawa akajibu kwamba hajawahi kwenda hata Korogwe bila mimi na Nakijwa, sembuse Ulaya. Basi mimi na Nakijwa tukauza machungwa ya msimu mzima, tukakata tiketi, na mtaa ukatusindikiza kama maharusi watatu wasio na bwana. Nakijwa mnamjua. Ni Mpare wa Usangi aliyeolewa huku kwetu, na tangu aolewe hajakosa jibu.

Mji ule ni wa vilima. Ukipanda mmoja unaonyeshwa mwingine. Nyumba zimebandikwa vigae vya maua ya buluu hadi ukuta wa nje, na kwenye vichochoro watu wameanika nguo madirishani. "Kumbe na wao wanafua," alisema Nakijwa, na kuanzia hapo tukajiona tuko nyumbani. Tulikula samaki wa kuchoma waliofanana na dagaa, ila kila mmoja urefu wa kiganja. Nakijwa akawaita dagaa waliosoma. Kwa kweli tulifurahi. Umri wetu ule, hakuna aliyetutuma maji, hakuna aliyetuuliza chakula kiko wapi.

Sasa jueni jambo moja. Mguu wa kushoto wa Bi Kidawa ni mfupi tangu kuzaliwa. Utoto wake wote alitembea akiyumba, na watoto wakamwimbia nyimbo ambazo sitaziimba hapa. Alipokuwa mtu mzima, Fundi Mbwego, mshona viatu wa sokoni, alimshonea kiatu chenye soli nene kama kipande cha mche wa sabuni. Alipima, akapunguza, akaongeza, hadi siku moja Bi Kidawa akasimama sawasawa na sisi. Siku hiyo alizunguka soko zima bila kununua kitu. Fundi Mbwego alikwishafariki, na kipimo chake akaenda nacho. Kiatu kile kilikuwa kimoja tu duniani.

Siku ya mwisho, ndege ikitungoja kesho yake alfajiri, Riziki alituacha kwenye jumba la kale la wafalme juu ya kilima, akaenda zamu yake. Tukafika mlangoni. Mbele yetu zulia jekundu limepanda ngazi. Bi Kidawa akasimama, akaanza kufungua kamba za viatu.

"We Kidawa, unafanya nini?" nikamuuliza. "Huoni wenzako wanapita na viatu?"

"Wao kwao. Mimi mgeni."

"Wafalme wenyewe walishakufa," Nakijwa akasema. "Nani atakusema?"

"Zulia si limo bado? Mimi sijakanyaga zulia la mtu na viatu tangu nizaliwe, sitaanzia Ureno."

Tungemwacha peke yake? Tukavua wote watatu, tukavipanga pembeni mwa mlango, ncha zikitazama nje, kama tufanyavyo msikitini. Binti wa tiketi alitutazama miguu, akaona pengine ndivyo tulivyo, akatupungia tupite. Bi Kidawa akashika bega langu, tukapanda.

Tuliona mengi. Tuliona kitanda cha mfalme, kifupi, Nakijwa akasikitika: "Kumbe alikuwa analala amejikunja, na sisi tunadhani ana raha." Kila chumba kilikuwa na mshale, na umati nyuma yetu ulitusogeza taratibu, hapana kurudi. Kwetu nyumba unaingia mlango wa mbele, unaaga, unatokea hukohuko, ndiyo maana viatu vinakungoja. Hatukujua kwamba kuna nyumba ambayo mgeni anaingilia juu ya kilima na kutokea chini yake. Mlango wa mwisho ukafunguka, ukatutema kichochoroni, ukajifunga. Kwa nje haukuwa na kitasa.

Jua lilikuwa limeyakalia mawe ya kichochoro kile tangu asubuhi. Mimi na Nakijwa tukaanza kucheza ngoma ambayo hatukufundishwa unyagoni. Watalii wakadhani ni onyesho, wawili wakapiga makofi.

Bi Kidawa hakucheza. Alikaa kwenye kizingiti, akatazama kile kilima chote cha kupanda, kisha akautazama mguu wake.

"Nendeni nyie," akasema polepole. "Mkivipata, alhamdulillahi. Msipovipata, niokotieni fimbo."

Nikamtazama Nakijwa aseme neno. Macho yake yalikuwa yameshaanza kutafuta fimbo. Ndipo nikaogopa.

Nikaugonga ule mlango kwa ngumi zote mbili, maana kengele ya kufunga jumba ilikuwa imeanza kulia. Mlinzi akafungua kidogo, akatikisa kichwa, akatuonyesha saa. Nikamwonyesha miguu. Akadhani tunaumwa. Nikatafuta neno kichwani, Kiingereza changu chote kikanikimbia, nikabaki na neno la marehemu bibi yangu, ambaye hakuwahi kuviita viatu vyake viatu. Nikasema, "Sapatu. Sapatu zetu, mwanangu. Juu."

Wareno walipita pwani yetu zamani wakaacha maneno, na lile lilikuwa lao. Akalirudia kwa lafudhi yake, akatutazama mmoja mmoja hadi vidoleni, akaingia ndani na mlango ukajifunga tena.

Tulikaa. Kengele ikanyamaza. Bi Kidawa alianza kuchambua upindo wa leso yake uzi kwa uzi, nasi hatukumkataza.

Mlango ulipofunguka, hakutoka mlinzi. Alitoka mama mmoja wa makamo yetu, mfagizi wa jumba lile, amefunga kitambaa kichwani. Viatu vyangu na vya Nakijwa, pamoja na kile cha kulia cha Bi Kidawa, alivibana kwapani kama kuku wa sokoni. Kile chenye soli nene alikibeba kwa mikono miwili, kama mtu anayehamisha mtoto aliyelala. Akapiga goti, akautafuta mguu wa kushoto bila kuonyeshwa, akaupangusa vumbi kwa aproni yake, akauvisha.

Bi Kidawa akasimama sawasawa na sisi. Nakijwa akageuka akakohoa, kikohozi ambacho asubuhi hakuwa nacho.

Kisha yule mama akaanza kutusema. Kidole juu kilimani, kidole kwenye mlango wa chini, kidole kwenye viatu, kidole mbele ya pua ya Bi Kidawa, na maneno yakimiminika yote ya Kireno. Nasi tukainamisha vichwa kama mabinti.

"Anasemaje?" Bi Kidawa akaninong'oneza.

Nakijwa akadakia, "Anasema kabla hujavua viatu, uliza mlango wa kutokea."

"Kireno umejifunza lini?"

"Mama mwenye kidole kama kile, hana maneno mengine."

Tukacheka hadi yule mama naye akacheka, asijue tumecheka nini. Bi Kidawa akamfunga leso yake kiunoni, ile yenye upindo uliochambuka, akakataa kuipokea tena.

Maneno yale tukarudi nayo Muheza. Likitokea jambo lenye mlango mzuri wa kuingilia, posa, mkopo, ushirika, rafiki wa wiki moja, mtu anakumbushwa. Lakini msidhani Bi Kidawa ameacha adabu zake. Juzi tulikwenda kutazama nyumba mpya ya jirani. Alisimama kizingitini na viatu vyake, akamuuliza mwenye nyumba, "Mwanangu, tutatokea hapahapa?" Akaambiwa ndiyo. Akainama, akavivua, akaingia kwa raha zake.

Mwambieni Shaibu hivyo, tena hata ndala ni viatu. Kuvua avue. Ila kabla hujavua viatu, uliza mlango wa kutokea.