Profesa Aliyeishi Kimakedonia

Wapendwa, mnanijua. Mke wangu husema nasoma vitabu visivyo na kazi yoyote, na safari hii nimeshikwa na Makedonia. Ndiyo, Makedonia ile ile aliyoiendea mtume Paulo, ila mimi nimerudi nyuma zaidi, karne tatu nne kabla yake, enzi za wafalme na mikuki mirefu. Nimekuta wasomi wanagombana kuhusu nchi hiyo mpaka leo. Mkuki wa askari wao ulikuwa na urefu gani? Mpanda farasi aliushika kwa mkono mmoja au miwili? Na wale watu walioitwa maswahiba wa mfalme, waliokula naye, wakawinda naye na kupanda farasi ubavuni mwake vitani, walikuwa rafiki zake kweli au watumishi waliopewa jina zuri? Watu wazima, wenye wajukuu, wamenuniana miaka kwa ajili ya maswali hayo. Msicheke. Sisi hapa kanisani tulinuniana kwa ajili ya rangi ya mapazia.

Sasa, kutokana na ugomvi huo nimetunga mfano. Nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo msiende kumtafuta huyo profesa mtandaoni.

Katika mji mmoja wenye chuo kikuu aliishi profesa mgane, bingwa wa historia ya Makedonia. Kwake yeye, swali la maswahiba lilikuwa limekwisha. Alifundisha kwamba mfalme alikuwa mtu miongoni mwa wenzake. Walivua kofia zao za chuma wakasema naye uso kwa uso, wakamwambia ukweli, naye akausikia. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa jiwe moja la maandishi lililokuwa kwenye makumbusho ya mbali. Jiwe hilo lilikuwa vipande viwili vilivyounganishwa zamani kwa saruji. Lilikuwa na orodha ya majina, na jina la mfalme lilikuwa katikati ya majina ya maswahiba wake. Profesa akasema, mnaona? Hakujiweka juu yao. Kwa jiwe hilo alijenga kitabu cha maisha yake, kazi ya miaka thelathini, na alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu.

Profesa huyu alikuwa na kundi lake. Kila Jumamosi mchana wahadhiri watano aliowafundisha mwenyewe walikuja kula kwake. Na kwa kuwa alikuwa Mmakedonia mpaka jikoni, akawaletea desturi ya huko. Waandishi wa kale wanasimulia kwamba kule mtu hakuruhusiwa kujinyoosha kwenye kitanda cha karamu mpaka awe ameua nguruwe mwitu bila kutumia wavu. Nasema nguruwe mwitu, si hii kitimoto mnayojifanya hamuijui. Ambaye hajaua alikula amekaa kitini, hata kama ana mvi. Basi Profesa akaigeuza desturi hiyo iwe ya kwake. Alikuwa na mpinzani, mzee mmoja wa chuo kingine, aliyepinga kila alichoandika. Mhadhiri atakayeandika makala ya kumwangusha mzee huyo, ameua nguruwe, anakaa kwenye sofa. Ambaye hajaandika anakaa kwenye kigoda.

Ilianza kama mzaha, na walicheka sana. Baada ya miaka miwili wanne walikuwa wamehamia kwenye sofa. Kwenye kigoda alibaki mhadhiri mmoja, mama wa watoto watatu, anakula pilau magoti yakimfika kifuani.

Mama huyu hakuwa mbishi. Alitaka sofa kama wenzake. Akatafuta picha kubwa ya lile jiwe ili aandike makala yake vizuri, akaazima rula ya shule ya mwanawe, akaanza kupima herufi. Akakuta herufi za kipande cha juu ni ndefu karibu mara mbili ya zile za kipande cha chini. Mistari ya juu imeachana, ya chini imebanana. Asubuhi akapima tena, majibu yakawa yale yale. Vile vilikuwa vipande vya mawe mawili tofauti, na aliyeviunganisha alikosea. Na jina la mfalme lilikuwa mstari wa kwanza kabisa wa kipande cha chini. Ukikitenganisha na kile cha juu, mfalme hayuko katikati ya mtu yeyote.

Jumamosi akamwambia.

"Profesa, nimepima herufi za jiwe letu. Naona kama vipande haviendani."

Profesa alikuwa anapakua pilau. "Umepima na nini?"

"Rula, Profesa. Ya mwanangu."

Profesa akawageukia wa kwenye sofa. "Jamani, mwenzetu kaenda kuwinda nguruwe na rula!"

Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Mama naye akacheka kidogo, akainamia sahani yake, akaendelea kula. Hakulisema tena.

Ikapita miezi miwili. Siku chache kabla kitabu hakijakwenda mtamboni, ikaja barua kutoka kwa yule mzee mpinzani. Ilikuwa fupi. Aliandika kwamba anaumwa na hataandika makala tena, ila anamsihi Profesa kama ndugu apime herufi za jiwe kabla ya kuchapa, na kwamba jambo hilo hajamwambia mtu mwingine. Profesa akaisoma kwa sauti mbele ya watu wake.

"Mnaonaje? Ana hoja?"

"Wivu tu huo, Profesa," akasema wa kwanza.

"Anataka kukuchelewesha," akasema wa pili. Wengine wawili wakatikisa vichwa kukubali.

Profesa hakumtazama hata mara moja yule aliyekaa kwenye kigoda. Naye akanyamaza. Niwaulize ninyi, mlioketi hapa na nguo zenu za Jumapili: wewe ungesema? Umeshachekwa mara moja, hujaulizwa, chakula kiko mdomoni. Ungesema?

Kitabu kikachapwa. Miezi sita baadaye kukawa na mkutano mkubwa wa wanazuoni, na Profesa ndiye aliyepewa hotuba ya ufunguzi. Alipomaliza, akapigiwa makofi. Kisha afisa wa makumbusho akaomba nafasi. Akasema walikuwa wakilisafisha lile jiwe, ikabidi waibomoe saruji ya zamani, na akaonyesha picha. Vipande viwili, kila kimoja peke yake. Unene mbali mbali, mivunjiko haikutani. Ukumbi wote ukaona. Profesa alikuwa bado jukwaani, kitabu mkononi. Hakuna aliyemzomea. Watu waliinamisha macho tu, na hilo lilimuumiza kuliko kuzomewa.

Jumamosi iliyofuata akapika pilau ya watu sita kama kawaida. Saa saba ikapita, saa nane ikapita. Wale wanne hawakutokea, na simu zao zikawa zinaita tu. Saa tisa kasoro ikabishwa hodi mlangoni. Alikuwa yule mama.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Karibu mwanangu." Macho yake yalikuwa mekundu. "Wewe peke yako ndiye uliyekuwa swahiba. Wewe peke yako uliniambia ukweli. Njoo ukae hapa kwenye sofa."

Nawaona, wapendwa. Mmeshajiandaa kusema amina, mmeshajua Mchungaji anakoelekea. Anamsifu huyu mama, anawalaumu wale wanne, tunafunga, tunakwenda kula. Ngojeni kwanza.

Mama hakukaa. Akasema, "Profesa, nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya nini? Wewe ulisema!"

"Nilisema mara moja. Mkacheka, nikaumia. Siku ile ya barua, karatasi yenye vipimo vyangu ilikuwa kwenye mkoba, hapa hapa miguuni. Ningeitoa ingekuwa dakika mbili tu, na kitabu kisingechapwa. Sikuitoa. Nilitaka uanguke, Profesa. Miezi sita nimeisubiri siku hiyo. Siku ya mkutano nilivaa nguo mpya."

Profesa akakaa chini polepole. Alitaka kukasirika, lakini hasira haikuja, maana alikumbuka kicheko chake mwenyewe. Mwisho akauliza, "Hiyo karatasi bado unayo?"

"Ninayo."

"Nionyeshe."

Akaitoa. Wakasogeza sahani pembeni, wakaanza mstari wa kwanza. Jioni hiyo Profesa akaandika barua mbili: moja kwa mchapishaji, aondoe kitabu sokoni, na ya pili kwa yule mzee mgonjwa. Ya pili ilimchukua muda mrefu zaidi.

Basi turudi kwetu. Wale wanne wa kwenye sofa siwasemi leo, kila mtu anawajua. Nataka kuwasema wawili hawa. Profesa alifundisha miaka thelathini kwamba mfalme mwema huambiwa ukweli mezani pake, na mezani pake mwenyewe akamwadhibu aliyeusema. Hakumpiga. Alimcheka tu. Baba, wewe nyumbani kwako unawafanyaje wanaokwambia umekosea? Mwenyekiti wa jumuiya? Mama mkwe? Sisi tunahubiri ukweli, tunaimba ukweli, halafu anayetuambia ukweli tunamwita mwenye roho ya kukosoa.

Na yule mama? Hakusema uongo hata neno moja. Lakini mtu anaweza kuwa na ukweli kwenye mkoba akautumia kumzika mwenzake. Wapo hapa ndani. Kuna ndugu yako unamjua anakokwenda. Ulimwonya mwaka jana, akakujibu vibaya, ukasema basi, mimi nimeshanawa mikono. Tangu hapo humwonyi. Unangoja. Umeshaandaa hata maneno ya kumwambia atakapoanguka. Huo nao tunauita upendo?

Nilikuwa nimalizie hapo, lakini nikiishia kwenu nitakuwa sijasema kweli. Mwaka juzi mzee mmoja wa kanisa hili aliniita pembeni, akaniambia kwamba nikienda kutembelea wagonjwa naanza na nyumba zenye geti. Nilimjibu nini? Nilifanya utani mbele ya wazee wenzake, nao wakacheka pamoja nami. Tangu siku hiyo, kila Jumapili ananishika mkono pale mlangoni na kuniambia, mahubiri yalikuwa mazuri, Mchungaji.

Mzee wangu, nakuona, uko mstari wa tatu karibu na dirisha. Nisamehe. Leo tukitoka, usinisifie mahubiri. Niambie tena.