Gashe Tirfe na Shingo ya Bezawit

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii inatufunza kwamba anayetaka kitu kilicho chini hana budi kushuka mwenyewe akakichukue, hata kama ana cheo, mvi na fimbo ya kifahari. Wengi huikubali kwa midomo. Mzee Tirfe wa mji wa Debre Markos naye aliikubali, tena aliitumia kuwahukumu wenzake, mpaka siku ilipomgeukia yeye mwenyewe.

Kwa heshima ya umri wake, wote walimwita Gashe. Alikuwa msuluhishi. Watu wa mtaani wakikosana, kabla ya kukimbilia mahakamani waliitiwa wazee waliojitanda shuka nyeupe, na Gashe Tirfe ndiye aliyekuwa kinara wao. Alikuwa mrefu kama mkaratusi, na shingo yake haikujua kupinda. Alipoingia mahali watu walisimama wakamwinamia, naye akaitikia kwa kutikisa kichwa kidogo tu, utadhani shingo ile aliiazima na anaogopa kuirudisha na kasoro.

Ni mtu mmoja tu aliyempita bila kumwinamia, naye ni mjukuu wake wa kwanza, Bezawit, mtoto wa bintiye Hirut. Beza alikuwa na mashavu ya kutamanisha kuuma na macho maangavu, lakini shingo yake ilikuwa teketeke. Tangu azaliwe alilazwa chali katika chumba chenye giza, kama desturi inavyotaka, jicho baya lisimpate. Alipokwisha kubatizwa na kutolewa nje, bibi yake Etagegn, mke wa Gashe Tirfe, alimfunga mgongoni kwa ngozi ya kubebea, akamfunika gubigubi. Kisogo kikaanza kuwa bapa, na akiinuliwa kichwa kilidondoka upande. Gashe Tirfe alimpenda mtoto huyo kupita kiasi, lakini hakuthubutu kumbeba. Alikuwa na ndoto moja: asubuhi ya Mwaka Mpya, wasichana wakipita nyumba hadi nyumba wakiimba na maua ya njano mikononi, asimame mlangoni na Beza begani.

Siku ya chanjo, muuguzi alimwinua Beza, akaguna.

"Mama Beza, huyu huwa mnamlaza kifudifudi?"

"Hapana," Hirut akajibu. "Bibi yake hataki kusikia."

"Basi mlazeni. Mchana, akiwa macho, isiwe punde tu baada ya kunyonya, na mtu awe hapo hapo anamtazama. Usiku alale chali kama kawaida. Anzeni kidogo kidogo. Mtoto anapojikaza kujiinua ndipo shingo, mabega na mikono inapopata nguvu, na hicho kisogo nacho kitapumzika. Mnirudie baada ya Mwaka Mpya. Nikikuta kichwa bado kinadondoka hivi, itabidi mwende hospitali kubwa ya Bahir Dar akaonwe na mabingwa."

Neno hilo la Bahir Dar liliingia nyumbani kama baridi ya alfajiri. Kesho yake jua lilipopenya mlangoni, Hirut alitandika ngozi ya kondoo sakafuni, mbali na jiko la makaa, akamlaza Beza kifudifudi. Beza akasugua pua kwenye manyoya, akaangua kilio. Etagegn akatoka jikoni mbio, akamnyakua.

"Unamlaza mtoto uso chini kama mwizi aliyekamatwa? Humu ndani mtoto halizwi!"

"Mama, muuguzi ndiye aliyesema."

"Muuguzi amekuzaa? Wewe nilikulea mgongoni, shingo yako imekatika?"

Kesi ikapelekwa kwa msuluhishi. Gashe Tirfe akaisikiliza akiwa kwenye kiti chake kirefu, mikono juu ya fimbo, kisha akatoa hukumu.

"Mama Hirut, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtoto anataka nguvu, na nguvu iko chini. Mwache ashuke."

Tangu hapo Beza alilazwa kila siku, na Gashe Tirfe akawa msimamizi. Alikaa kitini na kuamuru kwa sauti ya barazani: "Bezawit! Inua kichwa! Wewe ni mjukuu wa Tirfe!" Beza akalia. Akampungia usinga kutoka juu. Beza akalia zaidi, uso umezama manyoyani.

"Hakimu," Etagegn akasema huku akikaanga buni, "hukumu yako inamtoa mtoto machozi."

"Hajitahidi!" mzee akafoka. "Mimi hapa namwita, yeye hata kunitazama hataki!"

Hirut akajibu taratibu, "Baba, usinikasirikie. Pale alipo, wewe anakuona viatu tu."

Gashe Tirfe akavitazama viatu vyake. Vilikuwa vimeng'arishwa vizuri, lakini kweli, nani atajikaza kuinua shingo ili aone viatu? Akaivuta miguu yake chini ya kiti.

Kesho yake Etagegn alikwenda kuhani msiba jirani, na Hirut alikuwa uani akianika nguo. Beza akaanza kunung'unika juu ya ngozi yake. Mzee akatazama mlangoni, akatazama dirishani. Akavua kofia. Akashuka goti moja, la pili, yote mawili yakilia kama kuni mbichi motoni, kisha mwili mzima ukafuata mpaka kidevu kikagusa sakafu. Nyuso zao zikawa karibu kugusana.

"Haya, bibie," akanong'ona. "Sasa tumelingana."

Beza akanyamaza ghafla. Alikuwa hajawahi kuuona ule mustachi karibu namna ile. Kichwa kikatetemeka, kikainuka kiasi cha upana wa kidole, kikaanguka tena. Gashe Tirfe, aliyesuluhisha ugomvi wa watu wazima wenye mikuki bila jicho kupepesa, akalia machozi sakafuni.

Kuanzia hapo kila asubuhi alifunga mlango, akidai kwamba anasali.

"Sala gani hii," Etagegn akamuuliza siku moja, "inayokuachia manyoya ya kondoo kifuani?" Kesho yake akachungulia kwenye upenyo wa mlango, akawaona wawili hao wamelala, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, wakitazamana kama watu wenye siri. Akaziba mdomo kwa ncha ya shuka, akarudi jikoni kimyakimya. Siku hiyo Beza alipolia, bibi hakwenda kumnyakua.

Mwaka ukawa unakwisha. Katika ule mwezi mdogo wa kumi na tatu, wa siku chache tu, unaofunga mwaka katika kalenda ya kwao, wazee wenzake walikuja kumchukua wakawapatanishe ndugu wawili waliogombea mpaka wa shamba. Hirut, kwa haraka za maandalizi ya sikukuu, akawafungulia mlango bila kufikiri. Wazee watatu wakasimama kizingitini, vinywa wazi.

"Mungu wangu!" akasema Gashe Molla, mzee ambaye habari yoyote ikimfikia asubuhi, adhuhuri sokoni wanaijua. "Tirfe ameanguka!"

Gashe Tirfe alisikia. Kisingizio kilikuwa tayari ulimini: angeinuka haraka na kusema alikuwa akitafuta shanga zake za kusalia. Lakini mbele yake Beza alikuwa ameegemea viwiko, macho yamemkazia babu, mabega yakitetemeka kwa juhudi. Akisogea tu, mtoto ataupoteza uso anaoufuata.

"Nyamazeni," akasema bila kugeuka. "Anapanda."

Na Beza akapanda. Kichwa kiliinuka, kifua kikafuata, kikasimama imara, wala hakikudondoka. Akamtazama babu yake macho kwa macho, akacheka kicheko cha sauti, cha kwanza maishani mwake.

"Mbona sisi hatumwoni vizuri?" Molla akalalamika kutoka mlangoni.

"Mtamwonaje nanyi mmesimama? Shukeni!"

Wakatazamana. Mmoja akaweka fimbo chini. Wa pili akafuata. Molla akawa wa mwisho, akiusingizia mgongo wake, na baada ya muda shuka nyeupe zilikuwa zimetapakaa sakafuni, wazee wakimwita mtoto kwa midomo iliyobinuka. Etagegn alicheka hadi kahawa ikafurika jikoni. Ndugu wagomvi walisubiri mpaka alasiri, na hakuna aliyewaomba radhi.

Asubuhi ya Mwaka Mpya wasichana walikuja na nyimbo na maua yao ya njano. Gashe Tirfe alisimama mlangoni, Beza begani, kichwa cha mtoto kikigeuka huku na huku kuyafuata maua. Muuguzi naye, walipomrudia, alimwinua Beza, akatabasamu, wala hakuitaja tena Bahir Dar.

Wapita njia walipomwinamia Gashe Tirfe asubuhi ile ya sikukuu, walishangaa kumwona naye akiwainamia hadi kiunoni, kwa uangalifu asimwangushe mtoto.

"Baba Hirut, leo shingo imelegea?" Etagegn akamtania.

"Haikulegea, mama. Imefunzwa kazi na mwenye shingo teketeke kuliko yangu," mzee akajibu, akambusu mjukuu wake kisogoni. "Methali yangu niliihubiri miaka yote nikiwa kitini, na kumbe maana yake ilikuwa sakafuni: mtaka cha mvunguni sharti ainame."